Onyo la Njano Nililolizima Riyadh

Niliposhuka Riyadh, majirani zangu wa mtaa wa Al-Suwaidi waliniuliza nafanya kazi nyumba gani. Nikawaambia kazi yangu si ya nyumba, ni ya kompyuta. Mama mmoja Mkenya aliyekuwa akinunua mkate dukani alinitazama juu mpaka chini, akauliza kwa huruma kama wananipa chakula. Alidhani kazi yangu ni kuzipangusa vumbi. Sikumlaumu. Miaka ile ndege zilikuwa zikishusha wasichana wa kwetu kwa makundi, na mimi mwenyewe uwanjani niliwekwa kwenye foleni yao, nikakaa nao sakafuni kusubiri kafili, yaani mwajiri anayemdhamini mgeni, mpaka mtu wa kampuni alipokuja kuniita kwa jina.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu yenu, wanangu wa darasa la Jumamosi hapa Voi. Wiki iliyopita mmoja wenu, simtaji, alinionyesha programu yake. Kazi nzuri, majina yanaeleweka, hakuna mahali pa kumkaripia. Ila juu kabisa, kwenye paji la faili, alikuwa ameandika ile alama ya kuiambia kompaila, mkaguzi wa msimbo wetu, inyamaze. Nilipomuuliza sababu akasema, "Mwalimu, ilikuwa inaleta njano nyingi." Nilicheka, halafu sikuwa na raha siku nzima. Mimi nimewahi kuizima njano hiyohiyo, onyo la kompaila, na aliyeilipia alikuwa mwanamke ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa Java, lugha yetu ya programu, maishani mwake.

Kampuni yetu ilitengeneza programu za ofisi zinazoleta wafanyakazi wa nyumbani. Kila mfanyakazi alikuwa na faili: pasi, mkataba, ikama, yaani kibali cha kuishi nchini, jina la kafili. Waliniajiri kwa sababu nilikuwa na miaka mingi kwenye kompyuta za bima Nairobi, na kwa sababu faili zilizotoka kwetu zilijaa maneno ya Kiswahili ambayo hakuna aliyeyaelewa. Sisi wanawake tulikaa ghorofa ya juu, na mlango wetu wa kuingilia ulikuwa peke yake. Wanaume walikaa chini. Msimbo ulipita kati yetu siku nzima, watu hawakupita. Nilifanya kazi na Ustadhi Hamdi, Mmisri aliyeandika sehemu ya programu inayochapisha barua, kwa karibu miaka miwili, na sura yake sikuijua. Nilijua kikohozi chake tu kwenye simu.

Bosi wetu, Abu Fahad, hakuwa mtu wa programu. Alikuwa mfanyabiashara mwenye roho nzuri na haraka nyingi. Mtu fulani alikuwa amemfundisha kwamba mistari ya njano kwenye skrini za mafundi ni ishara ya kazi mbovu. Basi kila asubuhi alipiga simu juu na chini akiuliza njano ni ngapi leo. Ukimwambia nne, alinung'unika. Ukimwambia mafi, yaani hakuna hata moja, alisema halas, basi, Mungu akubariki. Nanyi mnajua mtu akiulizwa hesabu ya kitu kila siku anajifunza nini. Tulijifunza kupunguza hesabu. Kutafuta kilicholeta njano ilikuwa kazi ya siku mbili, kuizima ilikuwa mstari mmoja.

Siku ninayoijutia nilikuwa nimeandika kitu nilichokionea fahari. Nilichoka kuandika mbinu, yaani kipande cha msimbo, moja ya kuleta mikataba kutoka ghala la data, nyingine ya kuleta pasi, nyingine ya wateja, zote zikifanana kama mapacha. Nikaandika moja ya jeneriki, inayoleta orodha ya chochote utakacho:

    @SuppressWarnings("unchecked")
    <T> List<T> leta(String namba) {
        return (List<T>) ghala.get(namba);
    }

Hapa nimewawekea ile alama juu ya mbinu ili muione vizuri. Ukweli ni kwamba mimi niliiweka juu ya darasa zima la msimbo, lile linalobeba mbinu zote, kama mtu anayetandaza shuka moja juu ya vitanda vyote.

Tazameni mstari wa kati. Ghala linatoa kitu kisichojulikana, nami nakikasti, nasema hii ni orodha ya T. T ni nini? Ni chochote atakachotaka anayeita. Akisema nataka mikataba, anapewa orodha iliyoandikwa "mikataba". Akisema pasi, orodha ileile inaandikwa "pasi". Na programu ikishaanza kukimbia, Java huwa imeshazifuta T zote. Inaona kwamba hii ni orodha, haioni ni orodha ya nini, kwa hiyo pale nilipokasti hapakaguliwi kitu. Ni kubandika karatasi ya "vikombe" kwenye katoni iliyofungwa. Kompaila iliniambia hivyo kwa adabu: hapa siwezi kukagua, na wewe pia hukagui. Nikaifunga mdomo.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa na njano sifuri, wa kwanza katika ghorofa zote mbili. Abu Fahad alituma sanduku zima la tende. Nilizila zote na wenzangu, zilikuwa tende nzuri sana, na mpaka leo nikionja tende ya aina ile naona haya.

Miezi ikapita. Kampuni ikachukua ofisi moja ya Jeddah pamoja na faili zake za zamani, tukazimwaga zote ghalani. Kila skrini ilisema sawa. Idadi ya faili ilitimia, idadi ya mikataba ilitimia. Kuhesabu orodha, wanangu, hakuhitaji kujua ndani yake mna nini.

Kisha Jumatatu moja simu ikalia kutoka Jeddah. Alikuwa Bi Zuhura, karani wa faili wa ofisi ile. Wazazi wake walitoka Unguja baada ya mapinduzi, yeye amekulia Balad katika nyumba za mawe za mji mkongwe, na Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja kitupu, na Kiarabu cha Hijazi kimetiwa kama chumvi. Alisema kuna mwanamke wa Kikenya hapo ofisini, Truphena, amemaliza mkataba wake, na barua yake haitoki. Kila akibonyeza, mashine inaandika kosa.

Barua hiyo ndiyo iliyothibitisha kwamba mkataba umekwisha. Kafili wake, bila kuwa na barua hiyo mkononi, alikataa kutia saini ruhusa ya kutoka nchini. Bi Zuhura alijaribu kumpelekea ya mkono yenye mhuri, akarudishiwa. Ndege ya Truphena ilikuwa Alhamisi jioni, ikama yake ilikuwa inaisha Ijumaa, na Jumamosi kule Vihiga bintiye mkubwa alikuwa anaolewa.

Bi Zuhura alimpa simu. Nilitegemea kilio. Sauti iliyokuja ilikuwa tulivu kuliko yangu.

"Auntie, mimi si-panic," alisema. "Lakini mtoto akiolewa bila mimi, nitamwambia nini? Eti ni kompyuta ilinikataza?"

Nilimwahidi kwamba Jumanne barua itatoka. Nilimwahidi upesi, kwa sababu nilishaliona kosa kwenye skrini yangu na lilikuwa linaonyesha mstari wa barua, na barua si yangu, ni ya Hamdi. Nikampigia Hamdi. Sitawaficha, nilimsema vibaya. Kosa lilidai kwamba kamba ya maandishi, yaani herufi tupu, haiwezi kugeuzwa kuwa Mkataba, nami nikamwambia huwezi kuandika barua bila kujua mkataba na maandishi vina tofauti gani? Akakohoa, akasema mstari wake ni wa kupitia mikataba mmoja mmoja, hakuna mahali amekasti. Nikamwambia atafute vizuri. Alitafuta Jumatatu yote na Jumanne yote. Alikuwa anatafuta kitu ambacho hakikuwa kwake.

Jumatano Abu Fahad akaniandikia barua ya safari na kunipandisha ndege kwenda Jeddah. Maneno yake ya kuniaga yalikuwa yalla, haya, weka tarehe yoyote, itoke. Nilimweleza kwamba barua yenye tarehe isiyo ya kweli inaweza kumrudisha yule mama kutoka dirisha la uwanja wa ndege. Akasema basi weka ya kweli, lakini upesi.

Nilimkuta Truphena kwenye benchi la ofisi na begi lake miguuni, gauni la harusi la kijani likiwa ndani ya mfuko wa nailoni ili lisikunjike. Alinishika mkono, akaniuliza kama nimekula. Bi Zuhura alikuwa amemkataza kutoka nje, kwa sababu wenzake walishaanza kumnong'oneza habari za Karantina, mtaa wa kusini ambako wasio na karatasi hujibanza na kuokota vibarua vya siku. Walimwambia, ikifika Ijumaa ikama imekufa, huko ndiko kuna watu wako.

Nilikaa mbele ya kompyuta nikaanza kusoma msimbo wa Hamdi mstari kwa mstari. Hakukuwa na kitu. Saa zikaenda. Kando yangu Bi Zuhura alikuwa akipokea faili mpya, na kwa kuwa nilikuwa nimekwama nikaanza kumtazama yeye. Dereva anakuja na bahasha kumi, kila moja ina jina na neno "kamili" limeandikwa juu. Kwingine kote nilikofika, karani anasoma juu, anatia saini, dereva anaondoka. Bi Zuhura hakutia saini. Alikata kila bahasha mbele ya dereva, akamwaga vilivyomo juu ya meza, akagusa kimoja kimoja: pasi, mkataba, picha, cheti cha daktari. Bahasha ya saba haikuwa na mkataba, ilikuwa na kikaratasi chenye namba ya mkataba. Akairudisha. Dereva akalalama kwamba amechelewa, kwamba imeandikwa kamili. Bi Zuhura akamwambia kwa Kiarabu kwamba yeye hapokei maandishi ya juu.

Nikamuuliza kama hachoki.

"Nachoka, mwanangu," akasema. "Lakini nikipokea kwa jina la juu, yalomo ndani n'takuja kukutana nayo siku mtu anataka kusafiri, na huyu alieniletea zamani kashaondoka. N'tamshika nani tena? N'tamshika yule masikini alokuja kuchapisha barua."

Hamdi. Nilikuwa nimemshika aliyekuja kuchapisha barua.

Nikafungua ghala lenyewe, bila kupitia skrini zetu nzuri, nikaitafuta faili ya Truphena. Orodha yake ya mikataba ilikuwapo, na ndani yake mlikuwa na kitu kimoja. Hakikuwa mkataba. Kilikuwa namba ya mkataba, maandishi matupu. Makarani waliomtangulia Bi Zuhura ndivyo walivyoandika faili za zamani, na sisi tulizimwaga hivyohivyo. Mbinu yangu iliichukua orodha hiyo ya maandishi, ikaibandika jina "mikataba" na kuipitisha. Ilipita skrini ya kwanza, ya pili, ya kumi, ikihesabiwa na kuhifadhiwa, kwa sababu hakuna aliyeitoa ndani. Wa kwanza kuitoa ndani na kuishika kama mkataba alikuwa Hamdi. Pale pale ikamlipukia mikononi.

Nikampigia simu nikamwambia kosa ni langu, na kwamba kwa siku mbili nimemtesa bure. Akakohoa. Akasema, alhamdulillahi, mke wangu alishaanza kusema nimezeeka. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu yote, na ningependa angenitukana.

Sasa njia ya mkato ilikuwepo. Ningeweza kumwambia Hamdi aruke kitu chochote kisichokuwa mkataba, barua ikatoka bila tarehe, nami ningerudi Riyadh. Sikutaka tena. Nilifanya alichokifanya Bi Zuhura, nikahamishia ukaguzi mlangoni:

    <T> List<T> leta(String namba, Class<T> aina) {
        List<T> safi = new ArrayList<>();
        for (Object kitu : (List<?>) ghala.get(namba)) {
            safi.add(aina.cast(kitu));
        }
        return safi;
    }

Anayeita sasa haaminiwi kwa maneno tu, anakuja na aina yenyewe mkononi, anasema Mkataba.class. Kila kitu kinatolewa kwenye katoni na kupimwa kwa aina hiyo kabla hakijaingia orodha mpya. Kisichofaa kinakataliwa hapo hapo, aliyekileta akiwa bado amesimama. Ile List yenye alama ya kuuliza inasema kweli tupu: hii ni orodha, ya nini sijui bado. Kompaila haikuwa na la kusema, na njano haikutokea, ingawa hakuna aliyeizima.

Nilipoiendesha, skrini ikajaa wekundu wa makosa. Karibu kila faili ya zamani ya Jeddah ilikuwa na namba mahali pa mkataba. Abu Fahad alipiga simu akiwa amepandwa na hasira, akisema jana ofisi yote ilikuwa sawa na leo nimeivunja. Nilimjibu kwa Kiarabu changu cha dukani kwamba ilivunjika zamani, leo imekubali kusema. Nilifikiri nimefukuzwa. Kisha akauliza ni faili ngapi, nikamsomea. Akauliza watu hao wote wangekwama kama huyu? Nikasema, kila mmoja kwa siku yake. Akasema basi baki huko mpaka zote ziishe. Tangu siku ile hakuuliza tena njano ni ngapi. Aliuliza ni za nini.

Alhamisi asubuhi Bi Zuhura alileta mkataba wa karatasi wa Truphena kutoka kabatini. Yeye alisoma kwa sauti, mimi niliandika: tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, namba ya pasi. Tukakagua mara mbili. Truphena alikuwa amesimama nyuma yetu, nikisikia anavyopumua. Nikabonyeza, na mashine ya Hamdi, ambayo haikuwa na kosa tangu mwanzo, ikatoa barua.

Kabla sijamaliza, niwaachie mambo mawili ya kazi, maana nyinyi ni mafundi na hadithi peke yake haiwatoshi. La kwanza: mkiona mbinu ambayo T ipo kwenye kinachotoka tu, na haimo kabisa kwenye kinachoingia, ishukuni. Inaahidi kitu ambacho haina njia ya kukijua. La pili: iko siku mtakasti kweli bila njia nyingine, na mtakuwa na hakika, labda kwa sababu orodha mmeijaza wenyewe mistari mitatu juu. Basi izimeni njano hiyo moja, kwenye mstari huo mmoja, na chini yake mwandike sababu kwa maneno ambayo mtu asiyewajua atayaamini. Sababu ikikosekana kalamuni, mjue haikuwepo hata kichwani. Na ile alama kwenye paji la faili, yule niliyesema simtaji, Jumamosi ijayo uje umeshaifuta. Nitakaa nawe tuzipitie njano zako moja moja, hata zikiwa mia.

Barua tuliitia kwenye bahasha ya ofisi, yenye mhuri. Teksi ilikuwa nje, kwanza kwa kafili ambaye alishapigiwa simu na alikuwa akisubiri na kalamu, kisha uwanja wa ndege. Dereva alikuwa anapiga honi. Nilimkabidhi Truphena bahasha nikamwambia akimbie.

Hakukimbia. Siku nne za kukaa kwenye benchi lile alikuwa akimtazama Bi Zuhura kazini. Aliweka begi chini, akafungua bahasha mbele yetu, akatoa barua na kuanza kuisoma akifuata kwa kidole: jina lake, namba ya pasi, siku aliyoanza, siku aliyomaliza. Dereva akapiga honi tena. Bi Zuhura hakumharakisha, na mimi sikuthubutu. Nilisimama pale, fundi wa miaka yote ile, nikisubiri kukaguliwa.

Alipofika mwisho aliikunja, akairudisha ndani na kuitia kifuani.

"Sasa nimepokea," akasema.

Jumamosi, mchana, ilinifikia picha kwenye simu. Bibi harusi, na kando yake gauni la kijani, halikukunjika hata kidogo.